Bahari Iliyomo Kitabuni

Msomaji, riwaya ya bahari ina makao mawili: moja katika fikra za mtungaji, la pili juu ya ardhi. Hili la pili hutafutwa kwa ramani, na kulitafuta ni starehe ambayo wasomaji wengi hujinyima. Mimi nafundisha Balambala, nchi ya miiba na mchanga kando ya mto Tana, na wengi wa wanafunzi wangu hawajapata kuiona bahari. Tulipoanza kusoma The Dragonfly Sea, riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka mwaka 2019, mmoja wao aliuliza kama Pate ni mahali pa kweli.

Nilimwambia aweke kidole juu ya Balambala na kuufuata mto. Kidole kilipita Garissa, Hola na Garsen, kikafika Kipini, mto unapomwagika baharini. Mbele kidogo, kufuata pwani kwenda kaskazini mashariki, ni Lamu, Manda, kisha Pate. Kumbe maji tuyachotayo huishia jirani na kisiwa cha Ayaana, binti wa riwaya ile!

Aendaye Pate kutoka Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, wenye mikoko kandokando. Maji yakipwa, nahodha hana budi kungoja yajae. Abiria hushuka Mtangawanda, kisha hufuata nchi kavu hadi mji wa Pate, ambako tumbaku hulimwa katikati ya magofu ya enzi ya Wanabahani. Ajuaye haya huelewa kwamba maisha ya kisiwani hupimwa kwa kujaa na kupwa, kama yetu yapimwavyo kwa mvua.

Penye mgogoro ni habari ya Uchina. Ayaana hupelekwa huko kwa kuhesabiwa mzao wa mabaharia wa kale. Masimulizi ya Pate husema kweli kwamba chombo cha Kichina kilivunjika karibu na Shanga, na walionusurika wakaoa kisiwani. Misafara ya Zheng He ilidumu tangu 1405 hata 1433, na mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa Uchina. (Hapa darasa lilicheka, maana twiga kwetu ni jirani.) Vigae vya Kichina vimefukuliwa Shanga, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sarafu ya enzi ya Yongle imepatikana Manda. Lakini kigae ni shahidi wa biashara, si wa nasaba. Sahani hupita mikono mingi kabla ya kuvunjika.

Wanafunzi wangu, ambao hujifunza majina ya mababu tangu utotoni, hawakuridhika. Mmoja alisema ukoo hauandikwi juu ya sahani, huhifadhiwa kinywani. Niliiandika hoja yake ubaoni kando ya yangu, wala sikuifuta.

Hata kereng'ende wa jina la kitabu si wa kubuniwa. Mwaka 2009 mtaalamu Charles Anderson alieleza kwamba wengi huvuka bahari kutoka India, kupitia Maldives, hadi Afrika Mashariki, wakisaidiwa na upepo, nao hutaga katika madimbwi ya mvua. Mvua za vuli zikinyesha, madimbwi yetu nayo hupata kereng'ende. Yupi kazaliwa hapa na yupi kavuka bahari, macho hayatambui. Hata hivyo wanafunzi wawili wameanza kuandika daftarini tarehe wanayotokea.