Patrice: Jina na Wenye Jina

Jina Patrice latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtu wa ukoo bora. Kwa jemadari Patrice de Mac Mahon, maana hiyo haikupingana na maisha: alizaliwa katika ukabaila, akawa gavana mkuu wa Aljeria mwaka 1864, na Rais wa Ufaransa kuanzia 1873 hadi 1879. (Hata hivyo, ni nadra kwa wanahistoria kumwita Patrice.)

Patrice Lumumba, mzaliwa wa Onalua mwaka 1925, jina hilo lilimfikia kwa njia ya ukoloni. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na maiti yake ikayeyushwa kwa asidi ili pasiwepo kaburi. Jino moja ndilo lililorejeshwa na Ubelgiji mwaka 2022. Aimé Césaire alikuwa amekwisha kumrudisha jukwaani katika tamthilia yake ya 1966.

Linalostahili kuzingatiwa na mhakiki ni hatima ya majina yenyewe. Wako wazazi wa Afrika Mashariki waliowaita wana wao Lumumba. Patrice hawakulichukua, la Kitetela ndilo walilolifanya jina la kwanza.