Alama za Maji Ukutani

Nyumba ya kurithi ni mali na ni deni. Aionaye kuwa mali tu huiuza. Aionaye kuwa deni tu huikimbia. Mwishoni mwa mwaka 2024 nilisafiri kwenda Vietnam nikiwa na fikira hizo moyoni, kwa sababu ndugu yangu alikuwa ameniandikia kuwa nyumba ya marehemu babu yetu, ya kuta za mawe na boriti za mikoko, inavuja. Warithi ni wengi, na mnunuzi yu tayari. Alitaka jibu. Sikuwa nalo.

Hội An ni mji mdogo kando ya Mto Thu Bồn, karibu na bahari. Tangu mwaka 2025 umo ndani ya mipaka ya jiji la Đà Nẵng, lakini zamani sifa yake iliishinda ya jirani huyo. Katika karne ya 16 na ya 17, chini ya watawala wa ukoo wa Nguyễn, Wachina, Wajapani, Wareno na Waholanzi waliufikia kutafuta hariri, vyombo vya kauri, pilipili, mdalasini na udi. Merikebu za Uchina na Japani zilikuja kwa pepo za kaskazini na kurudi kwa pepo za kusini. Mtu wa pwani yetu hahitaji kufasiriwa jambo hilo, maana kwetu pepo hizo ni kaskazi na kusi. Mfanyabiashara angojaye upepo ugeuke huhitaji pa kulala, pa kuweka bidhaa na pa kuomba. Kwa haja hizo tatu mji ulikua.

Wajapani walikuwa na mtaa wao, na daraja lenye paa linalosemwa kuwa walilianza mwaka 1593 bado limesimama. Japani ilipowakataza raia wake safari za ng'ambo katika miaka ya 1630, mtaa ule ulififia. Wachina walibaki, wakajenga kumbi za jamaa zao kwa kadiri ya majimbo waliyotoka. Katika ukumbi wa watu wa Fujian huheshimiwa Thiên Hậu, ambaye mabaharia huamini kuwa huwalinda baharini. Niliona mle vijiti vya ubani vikifuka, nikatambua kuwa hapo si makumbusho, watu huomba.

Nyumba za mji huu ni nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma. Nyumba ya Tấn Ký, iliyokaliwa na vizazi saba vya ukoo mmoja, ina mlango wa mbele mtaani na wa nyuma upande wa mtoni. Bidhaa ziliingia nyuma, zikauzwa mbele. Katikati pana kiwanja kilicho wazi juu, kipokeacho mwanga, upepo na mvua. Nguzo za mbao husimama juu ya misingi ya mawe, na juu ya milango ya mji huu hutundikwa jozi ya macho ya mbao, kama kwamba nyumba yenyewe imewekwa zamu.

Lakini kilichonishika mno ni ukuta mmoja uliotiwa alama. Kila alama ina mwaka wake, na ni kimo cha maji ya mafuriko. Ile ya mwaka 1964 imenipita kichwa. Katika nyumba ya Phùng Hưng, sakafu ya orofa ya juu ina tundu lenye kifuniko. Maji yapandapo, mali hupitishwa hapo kwenda juu. Waliojenga hawakudhani kwamba wangeuzuia mto. Walijua utaingia, wakaifanya nyumba iweze kuupokea na kuuaga.

Katika nyumba nyingine isiyo na sifa, nilizungumza kwa msaada wa mkalimani na bibi mmoja mzee. Nilimwuliza namna ya kutunza mbao zinazoloweshwa mara kwa mara. Alisema kazi yote ni ya wakati: maji yaanzapo kushuka, lazima matope yasukumwe kwa ufagio yatoke pamoja nayo, yakingojwa mpaka yakauke, hushika, na nyumba huanza kuoza. Sehemu ya mbele ameipangisha kwa muuza taa za hariri. Nilimwuliza kama haoni haya kuona sebule ya wazee wake imekuwa duka. Alicheka, akasema ilikuwa duka tangu hapo, na kodi yake ndiyo inunuayo vigae.

Jibu lile lilinitahayarisha, kwa kuwa mimi nilitaka nyumba ya babu ibaki kama nilivyoikumbuka, bila ya kuitolea hata kigae kimoja. Wengi wetu tu hivyo. Daraja la Wajapani lilipofunguliwa tena Agosti 2024 baada ya matengenezo makubwa, kulikuwa na walionung'unika kuwa rangi zake zinang'aa kupita kiasi, kana kwamba uzee ni kutotunzwa.

Ni kweli kuwa mji huu uliokolewa kwa kiasi na umaskini. Mchanga uliziba njia za maji, merikebu kubwa zikahamia Đà Nẵng, na kwa kuwa hapakuwa na fedha za kujenga upya, ya kale yalibaki. Lakini umaskini huacha tu, hautunzi. Kazimierz Kwiatkowski, msanifu majengo wa Polandi aliyekuja kushughulikia mahekalu ya Mỹ Sơn, alikuwa miongoni mwa walioshikilia kuwa mji huu ulindwe. Alifariki mwaka 1997, miaka miwili kabla ya UNESCO kuutia katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, heshima hiyo haifagii matope. Tena imeleta gharika nyingine, ya wageni, nami nilikuwa tone moja lake.

Nilimwandikia ndugu yangu kuwa tusiuze, bali tupangishe vyumba viwili vya mbele, na kodi yote ya miaka mitatu iende katika paa. Nilituma na fungu langu la kuanzia. Baadhi ya warithi walikubali. Wengine hawajanena nami tangu siku hiyo.

Mwishoni mwa Oktoba 2025 nilisoma kuwa Thu Bồn umefurika tena na kuingia mitaa ya kale. Nilimkumbuka yule bibi. Sijui jina lake, wala sina njia ya kumwuliza hali. Nilimpigia simu ndugu yangu, nikamwuliza habari za mvua. Alisema vyumba vya mbele ni vikavu, ila cha babu bado kinavuja, na ameweka ndoo.