Mkubwa wa Hapa ni Nani?

Katika ujana wangu nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha kupiga chapa. Kiwanda hicho kilikuwa na wakurugenzi wawili waliolingana kwa cheo na mshahara. Mmoja alijua mitambo, mwingine alijua fedha. Mgeni alipouliza mkubwa ni nani, walicheka na kuoneshana kidole. Sisi wafanyakazi tuliwaona kuwa mfano mwema wa udugu.

Mwisho wa mwaka mmoja tulikuwa tukichapa kalenda. Nilitaka tununue karatasi nzito, maana zile nyepesi zilichanika na lawama ziliniangukia mimi. Mkurugenzi wa fedha akakataa. Akiba iliyobaki, alisema, ni ya kuwalipa vibarua. Kesho yake alisafiri, nami nikamwendea mwenzake. Habari za karatasi nilimweleza. Habari za akiba nikazimeza. Akatia sahihi. Nilifanya kama mtoto aliyenyimwa na baba akakimbilia kwa mama.

Kalenda zilipendeza. Vibarua wakaenda sikukuu mikono mitupu. Wakurugenzi walipokutana, mmoja alisema, "Nilikataa." Mwingine akasema, "Mimi nilikubali." Kwa kuwa hapakuwa na aliye juu ya mwenzake, shauri likafia hapo, na mimi hakuna aliyenigusa. Lakini mzee mmoja, kibarua wa kubandika majalada, alinifuata stoo. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mkubwa wa hapa ni nani?"

"Ni wote wawili, Mzee."

"Basi sisi wengine hatuna pa kulilia."

Nalikumbuka neno hilo kila ninaposoma kwamba kampuni kubwa ya teknolojia imeweka wakurugenzi wakuu wawili. Wahenga hawakutuachia jibu moja. Walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wakasema pia kidole kimoja hakivunji chawa. Na kampuni hizo zimethibitisha methali zote mbili.

Tazama Research In Motion ya Kanada, iliyotengeneza simu za BlackBerry. Mike Lazaridis, mhandisi, alishughulikia vyombo. Jim Balsillie alishughulikia biashara. Wawili hao waliifanya kampuni ya mji mdogo wa Waterloo ijulikane duniani kote, jambo ambalo huenda mmoja peke yake asingeliweza. Lakini mwaka 2007 ilitokea iPhone, na kampuni ikahitaji kuamua upesi ielekee wapi. Sisemi kwamba ilianguka kwa sababu ya kuwa na wakuu wawili. Wapo wenye mkuu mmoja walioanguka vilevile. Ninaloliona ni kwamba mwishoni wawili haohao walishika kwa pamoja hata uenyekiti wa bodi. Wakipishana, nani angewaamua? Januari 2012 waliondoka madarakani wote wawili.

Kampuni ya SAP ya Ujerumani ina habari mbili. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2014 iliongozwa na Bill McDermott na Jim Hagemann Snabe, na mambo yakaenda vizuri. Juu yao palikuwa na bodi ya usimamizi, chini ya Hasso Plattner, mmoja wa waasisi. Oktoba 2019 ikawateua tena wawili, Jennifer Morgan na Christian Klein. Ugonjwa wa Uviko ulipoingia, miezi kama sita tu baada ya uteuzi huo, bodi ilisema wakati huo unataka uongozi ulio wazi, na Klein akabaki peke yake. Kumbe hata penye mwamuzi, siku ya dhoruba watu hutafuta nahodha mmoja.

Hata hivyo mtindo huu haujafa. Netflix ilianza nao mwaka 2020, na tangu Januari 2023 inaongozwa na Ted Sarandos na Greg Peters, huku mwasisi Reed Hastings akiupisha ukuu. Mwaka 2025 Oracle nayo iliteua wawili, Clay Magouyrk na Mike Sicilia.

Je, yafaa? Nadhani yafaa, kwa masharti. Kazi ya kampuni kubwa imezidi kichwa kimoja. Anayejua mitambo na anayejua fedha mara nyingi si mtu yuleyule. Lakini kila jambo liwe na mwenye neno la mwisho, na ajulikane hadi kwa mfagizi. Na awepo mtu juu yao anayeweza kuwaambia wote wawili, "Basi." Kupendana kwao hakutoshi. Wakurugenzi wetu walipendana kweli. Ndiyo maana hawakutaka kuulizana sana. Ugomvi wasioumaliza wakubwa hauondoki. Hushuka ngazi kwa ngazi, na huko chini humalizwa na karani mjanja, kwa gharama ya asiyekuwa na sauti.

Vibarua walilipwa mwezi wa Februari. Yule mzee hakurudi kazini mwaka huo, na sikupata kumwambia kwamba karatasi zile niliziomba mimi.