Nailoni ya gari jipya ikifika nyumbani

Ukitoka kisiwani Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukavuka Makupa na kuipita Changamwe, hukawii kufika Miritini. Wageni wanaijua kwa kituo cha treni ya SGR, iliyoanza safari mwaka 2017. Wenyeji wanaijua kwa jambo la zamani zaidi: kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, ambacho kimekuwa kikiunganisha magari tangu miaka ya 1970.

Magari ya kuunganishwa hayaji yakiwa mazima. Hushushwa bandarini Kilindini yakiwa vipande ndani ya makasha, kisha bodi huchomelewa, hupakwa rangi, na kufungwa injini, viti na vioo. Katika kazi ya aina hii, popote duniani, kinachoogopwa kila siku ni mkwaruzo. Pete kidoleni, kifungo cha mshipi, bisibisi iliyomponyoka fundi: kimoja tu kinatosha kuurudisha mlango kwenye rangi. Ndiyo sababu sehemu nyingi za gari hufunikwa nailoni.

Nailoni tunayoisema hapa kwa kawaida ni polithini nyembamba. Ile ya dashibodi na vizingiti vya milango ina gundi hafifu, ya kushika bila kung'ang'ania. Ile ya viti haina gundi, huvishwa tu kama foronya. Zamani magari mengi mapya yalipakwa nta kabla ya safari ya meli, na kuiondoa kulikuwa kazi ya maji moto na kemikali. Nailoni unaibandua, basi. Imetengenezwa kwa nia hiyo, kukaa muda mfupi. Ikiachwa juani miezi mingi, gundi hukauka na kuacha alama ambazo hata mafuta ya taa hayazitoi vizuri.

Hata hivyo, yapo magari mjini yenye miaka miwili barabarani na viti bado viko ndani ya nailoni. Inaeleweka. Anayelipa mkopo wa gari angependa majirani waone kuwa bado ni jipya. Shida ni nani anayekalia kiti hicho. Wakati wa kaskazi, gari lililofungwa vioo juani linaweza kuongeza joto kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima mara tatu hadi tano. Nailoni haifyonzi jasho. Mtoto akiketi juu yake hutoka na mgongo uliolowa na harara mapajani. Kiti chake cha usalama nacho kikifungwa juu ya nailoni huteleza, wakati kazi yake ni kutulia mahali pamoja. Magari mengine yana mifuko ya hewa ubavuni mwa viti, na vitabu vyake huonya viti hivyo visifunikwe ovyo.

Lakini hatari kubwa zaidi huanza nailoni ikishatolewa. Marufuku ya Kenya ya 28 Agosti 2017 iliilenga mifuko ya kubebea, na plastiki ya kufungia bidhaa kiwandani iliruhusiwa kuendelea. Kipande kipana, safi, kisichovuja, nani atakitupa? Huwekwa chini ya shuka ya mtoto anayekojoa kitandani.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1959 makumi ya watoto walikufa kwa kukosa hewa kutokana na mifuko myembamba ya nguo zilizotoka kwa dobi, ambayo wazazi wengine walikuwa wameitumia kufunikia magodoro. Tangu hapo onyo likawa la kawaida kwenye mifuko hiyo. Nailoni nyembamba huvutwa na pumzi ya mtoto, ikanata puani na mdomoni, na mtoto mchanga hana nguvu wala akili ya kuibandua. Hakuna kilio kitakachomwamsha mama, kwa kuwa kulia kunahitaji hewa.

Kwa kitanda cha mtoto, tumia ule mpira mzito wa kitanda, uliobanwa vizuri chini ya godoro pande zote, na shuka juu yake. Hata nailoni ya godoro jipya itolewe yote kabla mtoto hajalilalia.

Ukichukua gari jipya, mwombe muuzaji aondoe nailoni zote hapo hapo, abaki nazo. Ikiwa umeshafika nazo nyumbani, zibandue watoto wakiwa mbali. Usizichome uani, maana moshi wake ni mbaya kwa mapafu, hasa ya mtoto mwenye pumu. Kila kipande kikunje kwa urefu, kipige mafundo matatu au manne yaliyokaza hadi kisiweze tena kufunika uso, ndipo ukitie kwenye pipa lenye kifuniko.