Sarafu za Mirathi: Tulivyojifunza Kutazama Hali na Thamani Yake



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, leo tunawaletea mada ambayo hamkuizoea katika ukurasa huu, nayo ni sarafu za kale. Sisi wenyewe tuliingizwa humo na mirathi. Mzee mmoja jirani yetu hapa Gihosha alifariki, akaacha mjane, kijana mkubwa wa kiume na mabinti wawili, mdogo wao hajabaleghe. Madeni yalilipwa, vyombo vikathaminiwa, likabaki kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu. Mama akatuambia, "Ustadhi, nasikia hizi ni za Wajerumani. Huenda ada ya shule ya huyu mdogo imo humu."

Mirathi haigawanywi kwa kukisia. Ikabidi tujifunze.

Jambo la kwanza ni kuitambua sarafu. Tulizimwaga juu ya mkeka, na historia ya nchi yetu ikatoka kopo zima. Ilikuwemo pesa moja ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu yanayotaja shirika la Wajerumani, pamoja na mwaka wa Hijria 1307, yaani 1890. Wanafunzi wetu waliisoma kabla hatujavaa miwani! Zilikuwemo rupia tatu za fedha zenye kichwa cha Kaiser Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma. Rupia moja ilikuwa pesa 64, mpaka mwaka 1904 Wajerumani walipoigawa kuwa heller 100. Na neno letu "hela" limetoka huko. Zilikuwemo za heller 20 zenye mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora, ambako Wajerumani walipiga sarafu zao wakati wa vita baada ya njia ya bahari kufungwa. Mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Kutoka zama zao tukapata faranga 2 ya mwaka 1943, ya pembe sita na picha ya tembo, na faranga nyingi za mwaka 1960 zenye simba, za benki iliyohudumia Rwanda na Burundi pamoja.

Jambo la pili ndilo linalowakosesha watu wengi: ukongwe si bei. Kijana wa marehemu alidhani kila kilichopita miaka mia moja ni utajiri. Sivyo. Heller 20 za Tabora zilipigwa kwa wingi sana, na mpaka leo zinapatikana. Faranga zile za simba ndizo kabisa, kila nyumba ya wazee inazo. Bei huletwa na mambo matatu: zimebaki ngapi, wanaozitaka ni wangapi, na hali yake ikoje. Mfano ni rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo. Zilitengenezwa kama elfu kumi na sita tu, ndiyo maana inatafutwa duniani, na ndiyo maana inaghushiwa. Katika kopo letu haikuwemo. Akikujia mtu nayo mkononi anaiuza kwa bei rahisi, jihadhari naye.

Jambo la tatu ni hali. Wakusanyaji wengi hutumia kipimo cha 1 mpaka 70, kilichoanzishwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Sisi hatukufika huko, lakini msingi wake ni rahisi. Shika sarafu kwa ukingo, usiguse uso wake. Igeuzegeuze chini ya taa. Tazama kwanza sehemu zilizoinuka, kwa kuwa ndizo zinazolika mwanzo: katika rupia tulitazama masharubu ya Kaiser na tai aliye juu ya kofia. Kisha tazama ukingo kama umegongwa. Kisha ipime kwa mizani ya sonara, maana rupia kamili ina gramu 11.66. Ikipungua sana au ikizidi, uliza kwa nini.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kosa letu, na tunaliandika ili wengine wasilirudie. Rupia mbili zilikuwa za mwaka mmoja, zote nyeusi. Kabla hatujajua lolote, tulimpa mwanafunzi mmoja aisugue kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua sufuria. Ikang'aa kama mwezi. Mama akafurahi, na sisi tukafurahi pamoja naye.

Baadaye akaja mkusanyaji wa sarafu aliyekuwa akipita Bujumbura. Akaitazama ile iliyong'aa, akaiinamisha kwenye mwanga, akatuonyesha mikwaruzo midogo midogo kama nywele, uso mzima. Akasema weusi ule haukuwa uchafu. Ni ngozi ya fedha iliyotunga kwa miaka mingi, na ukishaiondoa hairudi. Ile nyeusi akaitajia bei. Ile tuliyoisafisha akaitajia nusu yake. Mikono yetu ndiyo iliyokula ile nusu nyingine.

Ikabaki rupia ya tatu, naye akaikubali kwa bei ya ile nzima. Lakini sisi tulikuwa tumeshaona kitu. Zamani wanawake walizitoboa sarafu hizi wakazivaa shingoni, na hii ilikuwa imetobolewa kisha tundu likazibwa kwa ufundi mzuri. Ukiitazama haraka huoni. Kijana akatukanyaga mguu chini ya meza. Tukamtazama mama, naye anahitaji kila faranga. Hatutaki kujisifu, ndugu zetu: tulinyamaza kwa muda ambao haukuwa mfupi. Kisha tukaigeuza, tukaweka kidole penye kiraka, tukamwambia, "Hapa palikuwa na tundu." Bei ikashuka vibaya sana.

Kijana alitoka nje bila kuaga. Mama akasema maneno machache tu: "Ustadhi, mtoto atasoma kwa kilichopo."

Sote tunajua hukumu ya anayeuza chenye kasoro akaificha, na watoto wa madrasa huisoma mapema. Kuisoma ni jambo moja, na kukaa mezani wakati ada ya yatima iko upande wa pili ni jambo jingine.

Ikabaki hesabu ya ile rupia tuliyoiharibu. Tulitaka kulipa upungufu wote. Mama na wanawe wakubwa wakatusamehe haki yao, hata yule kijana aliporudi. Lakini mtoto ambaye hajabaleghe hana uwezo wa kusamehe mali yake, wala mama hawezi kumsamehea. Mama ana thumni. Zinazobaki, kijana huchukua mara mbili ya kila binti. Kwa hiyo binti mdogo ana sehemu 7 katika 32. Sehemu hiyo ya upungufu tuliilipa kutoka mfukoni mwetu, mbele ya mashahidi wawili. Haikuwa fedha nyingi, ila tulilala vizuri.

Basi wazazi wetu, mkiwa na kopo kama hilo chini ya kitanda, msisugue kitu. Msizibe, msinyooshe, wala noti za Ufalme wa Burundi msizibandike gundi ya plastiki mahali zilipochanika. Kila sarafu itieni kwenye karatasi yake kavu, andikeni mlivyoikuta na nani alikuwa nayo. Ombeni bei kwa watu wawili au watatu kabla ya kuuza. Na mkijua kasoro, itajeni nyinyi kabla mnunuzi hajaiona.

Binti yule sasa anasoma. Ile pesa ya mwaka 1307 haikuuzwa. Warithi walikubaliana aichukue yeye ndani ya fungu lake. Huileta madrasa siku za Alhamisi, ikiwa bado nyeusi vilevile, na wenzake huisoma mmoja baada ya mwingine wakiishika kwa ukingo.

Wabillahi tawfiq.