Amani: Kutafuta Bila ya Kuchimba

Mwenye kupanda kutoka Muheza kuelekea Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, huyaacha mashamba ya mkonge na joto la bondeni akaingia katika msitu ambao jua huupenya kwa shida. Penye mto Zigi lipo jengo la mkuu wa stesheni ya reli ya zama za Wajerumani, ambalo sasa hupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Juu zaidi ndipo Wajerumani walipoasisi kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902.

Masalia ya namna hii huzaa uvumi. Nchini mwetu wapo wanaoamini kuwa Mjerumani aliacha mali ardhini. Wakachimbua magofu, na baadhi yao wakawaendea waganga kuulizia mambo ya ghaibu, jambo ambalo dini yetu imelikataza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu nao waliivamia misitu ya Usambara Mashariki. Hilo halikuwa jambo la watu wa mlimani pekee, kwani maji ya Zigi ndiyo yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani na kunywewa na wakazi wa mji wa Tanga.

Upo utafutaji wa namna nyingine, nao ni mchezo uitwao jiokashingi. Mwezi Mei 2000 Serikali ya Marekani iliacha kupunguza usahihi wa ishara za setilaiti zitumiwazo na raia. Siku chache hazikupita, Dave Ulmer akaficha ndoo vichakani katika jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake ili watu waitafute. Leo makasha yaliyofichwa duniani yamepindukia milioni 3. Mtafutaji huongozwa na simu hadi karibu, kisha hutegemea macho yake. Akilipata kasha huandika jina lake katika daftari lililomo na kulirudisha palepale. Akichukua kitu, huacha chenye thamani sawa au zaidi. Kulifukia kasha ardhini hakuruhusiwi, na idhini ya mwenye ardhi ni sharti.

Hapana dau linalowekwa. Kasha hilo ni amana baina ya watu wasiojuana, nayo husalimika kwa sababu kila anayelifikia huwafikiria watakaokuja baada yake.

Ipo pia aina isiyo na kasha: mtu huelekezwa mahali, akatazama miamba iliyopo na kujibu maswali juu yake. Hiyo ndiyo tunayoiona inafaa kwa familia zinazokwenda Amani. Wazazi wawaulize watoto: maji haya yanakwenda wapi? Nani anayanywa? Kibla kiko upande gani tukisimama hapa? Watafute pia, pamoja na mwongozaji, lile ua dogo la zambarau liotalo penye miamba yenye unyevu, ambalo Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia mwaka 1893, na ambalo leo hupandwa katika vyungu madirishani Ulaya. Wakiliona, wasilichume.

Wachukue na mfuko wa kuokotea taka njiani, kwani kuondoa kinachoudhi njiani kumehesabiwa kuwa sadaka. Maji watakayotawadhia jioni wakirejea Tanga yametoka katika mto ule ule.