Kompyuta Iliyokosa Pumzi

Katika nyumba nyingi za mjini kitu cha thamani hufunikwa kitambaa. Redio ilifunikwa, televisheni ikafuata. Nasi tulipopata kompyuta mpakato, mke wangu aliishonea kitambaa chake cha maua. Humo ndimo alimohifadhi hesabu za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambacho yeye ni mweka hazina wake.

Kaskazi ilipoingia na joto la Dar es Salaam kuzidi, chombo kile kikaanza vituko. Feni ilivuma kama nyuki, kazi ikasuasua, kisha kioo kikazimika ghafla. Mara tatu hesabu zilipotea kabla ya kuhifadhiwa, na siku ya kugawana fedha ilikuwa karibu. Wenzake walianza kunong'ona. Nami, baba mwenye nyumba, nikamkaripia kijana wetu kwamba michezo yake ndiyo iliyoiharibu.

Fundi wa kwanza alitutaka tununue betri mpya. Wa pili, mzee mmoja mpole, aliuliza swali moja tu: "Huwa mnaiweka wapi?" Kitandani, nikajibu. Akaigeuza, akanionyesha matundu ya chini. Feni huvuta hewa kupitia hapo, ikaipitisha kwenye vibati vyembamba vinavyopokea joto la ubongo wa mashine, kisha hewa hiyo hutokea ubavuni. Godoro huyaziba matundu. Joto likikaribia digrii 100, ubongo huo hujipunguzia kasi usiungue. Likizidi, mashine hujizima yenyewe. Kumbe kule kuzimika kulikuwa kujiokoa!

Alipoifungua kwa bisibisi tulikuta vumbi limeshikana kama sufi, pamoja na nyuzi za kile kitambaa, ambazo sikumwonyesha mke wangu. Akaliondoa kwa brashi huku ameizuia feni kwa kidole isizunguke. Akafuta ute uliokauka juu ya ubongo, akapaka mpya wa kupitishia joto.

Sasa inakaa mezani juu ya vibao viwili, na kila jioni hesabu hunakiliwa pia kwenye flashi. Kikundi kiligawana fedha zake kwa tarehe iliyopangwa. Kitambaa kimehamia kwenye redio. Lilibaki la kwangu: nilimwita kijana sebuleni, mbele ya mama yake, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kucheza nusu saa.